Kupoti silinda hedi: maana yake kwenye injini za mashindano

Kupoti hedi ni kuzichonga upya njia za hewa zilizomo ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda za injini chenye valvu, ili kila pistoni inaposhuka, silinda ijae hewa nyingi kuliko ilivyokuwa ikijaa gari lilipotoka kiwandani. Njia hizo huitwa poti. Zinaanzia pale manifoldi, yaani mabomba ya hewa au ya moshi, inapofungwa kwenye hedi na kuishia kwenye siti ya valvu, pete ambayo valvu huikalia inapofunga. Za upande mmoja zinaingiza hewa na petroli, za upande wa pili zinatoa moshi kwenda kwenye eksozi. Hedi ya kawaida ina ukwaru wa kalibu ndani ya poti, vingazi vidogo pale siti ilipopachikwa, na kona kali zilizowekwa ili hedi iwe fupi na nafuu kutengeneza. Gari la kwenda kazini halisumbuliwi na hayo. Injini ya kuzunguka mara 8,000 au 9,000 kwa dakika inasumbuliwa sana.

Tazama muda uliopo. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni inashuka kutoka juu mpaka chini kwa milisekunde 3.75. Silinda inatakiwa ijae ndani ya muda huo na kidogo zaidi. Kuongeza petroli ni kazi nyepesi, lakini kilo moja ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, na kwenye injini isiyo na turbo hakuna anayeisukuma hewa hiyo. Lazima ipite yenyewe.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kupanua tundu, na ndipo hedi nyingi nzuri zinapoharibiwa. Hewa ina uzito. Ikishashika kasi ndani ya poti haisimami ghafla, inaendelea kuingia hata baada ya pistoni kugeuka na kuanza kupanda, kwa sababu kamshafti ya mashindano, mhimili unaofungua na kufunga valvu, huchelewa kuifunga valvu ya kuingizia. Kwa njia hiyo injini nzuri ya mashindano, ikiwa kwenye mizunguko iliyolengwa, hujaza silinda zaidi ya ujazo wake, yaani zaidi ya asilimia 100. Ukiipanua poti kupita kiasi, kasi inashuka, msukumo ule unakufa, na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka. Gari linakuwa zito kuchapuka likitoka kwenye kona, na kwenye mizunguko ya juu huenda lisiongeze chochote.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi hupoteza saa nyingi mahali padogo mno: sentimita chache za mwisho kabla ya valvu. Hapo poti inakata kona kuelekea chini. Hewa inayopita upande wa dari ina nafasi ya kuzunguka taratibu, ila ile ya upande wa sakafu inakuta ukingo mkali, inashindwa kuufuata, na inaachana na ukuta. Nyuma yake hutokea mzunguko wa hewa usio na faida unaoziba sehemu ya njia. Tundu linaonekana kubwa kwa macho, lakini nusu yake haifanyi kazi. Tiba yake ni kuulainisha ukingo huo uwe na mviringo, na mara nyingine kuinua sakafu badala ya kuichimba. Mafundi hujaribu kwanza kwa udongo laini wa kufinyanga: wanaubandika ndani ya poti, wanapima, wakiridhika ndipo wanajaza chuma kwa kulehemu.

Kupima kwenyewe hufanyika kwenye benchi ya mtiririko. Hedi inafungwa juu ya silinda yenye kipenyo sawa na cha injini, feni inavuta hewa kwa tofauti ya shinikizo isiyobadilika, mara nyingi sawa na shinikizo la safu ya maji ya inchi 28, na valvu inafunguliwa milimita kwa milimita huku kiasi cha hewa kikiandikwa. Tuseme valvu ina kipenyo cha milimita 40. Ikiinuka milimita 10, robo ya kipenyo chake, uwazi unaoizunguka unalingana na eneo la valvu yenyewe. Chini ya hapo kinachobana zaidi ni valvu na siti yake. Juu ya hapo poti yenyewe ndiyo inayozidi kuamua.

Hivyo siti inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Hukatwa kwa pembe tatu, kwa kawaida nyuzi 30, 45 na 60, ili hewa igeuke hatua kwa hatua. Sehemu inayogusana na valvu huachwa nyembamba, karibu milimita moja upande wa kuingizia, na pana zaidi upande wa moshi, kwa kuwa valvu ya moshi hupoza joto lake kupitia pale. Kusugua poti mpaka ing'ae kama kioo hakuongezi mengi. Upande wa kuingizia kwenye injini ya kabureta, ukwaru kidogo husaidia petroli isishikamane na ukuta.

Chumba cha mwako nacho huguswa. Ncha kali huondolewa zisiwake na kuleta mlipuko wa kabla ya wakati, na ujazo hupimwa kwa bureti, bomba la kioo lenye vipimo, ili vyumba vyote vilingane. Ukikwangua uso wa hedi chumba kinapungua, hivyo fanya hesabu kwanza: silinda ya sentimita za ujazo 500 ikibakiwa na nafasi ya 50 juu, mgandamizo ni 11 kwa 1, nafasi ikipungua hadi 45, unapita 12, na petroli ya kawaida inaweza kuanza kuwaka vibaya na kugonga.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Cosworth DFV ya mhandisi Keith Duckworth, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 3 iliyoshinda mbio zake za kwanza kabisa mwaka 1967 huko Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark akiendesha Lotus 49. Ilikuwa na valvu nne kwa kila silinda, na Duckworth alizisimamisha karibu wima, pembe kati ya za kuingizia na za moshi ikiwa nyuzi 32 tu. Poti ilinyooka, chumba kikawa kidogo na tambarare, mwako ukawa wa haraka. Injini ilianza na takriban nguvu farasi 400 kwa mizunguko 9,000, na ukoo wake ukashinda mbio 155 za Formula One. Siri kubwa ilikuwa kwenye hedi.

Kwa walio Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na Mombasa. Hedi iliyopotiwa vizuri hutumia vyema hewa iliyopo, lakini ile isiyokuwepo inaletwa na kifaa cha kuisukuma hewa, kama turbo.

Unapopeleka hedi yako kwa fundi, mwambie kwanza mizunguko unayolenga, kamshafti uliyonayo na kimo inachoinua valvu. Baada ya kazi, omba vipimo vya benchi vya kila kimo, kabla na baada. Namba moja ya juu kabisa haikuelezi gari litakavyotoka kwenye kona.