Je, wajua kwa nini gari la mbio huanza kwa kung'olewa viti kabla injini haijaguswa?

Ingia uani kwa vijana wanaounda gari la mbio, iwe Shangani, Chikongola au kule Mikindani, hapa Mtwara, na kitakachokupokea si injini inayoning'inia kwenye mnyororo. Ni rundo la takataka: kiti cha nyuma, mazulia, redio, kompresa ya kiyoyozi, plastiki za milangoni. Jirani anayepita hudhani gari limeshindikana na sasa linauzwa vipande. Kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza.

Swali ni la haki. Mbio ni kasi, kasi hutoka kwenye injini, kwa nini basi injini iwe ya mwisho?

Anza na hesabu ndogo. Gari la kilo 1,000 lenye nguvu za farasi 100 linampa kila farasi kilo 10 za kuvuta. Ng'oa kilo 150, na mzigo wa kila farasi unashuka hadi kilo 8.5. Kupata nafuu hiyohiyo kwa njia ya injini, bila kupunguza uzito, ungehitaji farasi karibu 118. Farasi 18 za ziada kwenye injini ndogo isiyo na turbo ni kazi ya pesa na fundi mzoefu, na baada ya hapo injini yenyewe haiishi sana. Kung'oa kiti ni spana namba 14 na mchana mmoja. Tena farasi wa ziada hukusaidia unapokanyaga mafuta tu. Wepesi hukusaidia unapoondoka, unapokata kona na unaposimama.

Hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1948, Mwingereza Colin Chapman alichukua Austin 7 kuukuu akaiunda upya kuwa gari la mashindano, kwenye gereji lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, kaskazini mwa London. Gari hilo ndilo mama wa kampuni ya Lotus, ambayo mara nyingi iliwashinda wenye injini kubwa kwa wepesi wake. Sisi huku tumelelewa na sifa za rali, mbio za masafa marefu barabarani, sifa za gari lisilovunjika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alichukua ushindi wa Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na hadi leo wazee wakiona 404 huitazama kwa heshima. Ila gari la rali linaundwa lipigane na mashimo. Gari la uwanja wa mzunguko linazunguka kwenye lami laini, kwa hiyo kila kilo lililobeba kwa ajili ya mashimo ni mzigo wa bure.

Kung'oa kuna faida nyingine, na kwa watu wa pwani mimi naiona ndiyo kubwa: unaliona gari lako lilivyo. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na mengine yametumika mikoa ya kaskazini kule, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Likishuka hapa linakutana na chumvi ya pili, ya upepo wa bahari. Zulia linafunika yote. Ukilitoa, na ukakwangua ile lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele (ikwangue alfajiri kukiwa bado na ubaridi, maana jua likipanda inanata kama ulimbo), ndipo unapojua kama sakafu ni bati au ni kutu iliyopakwa rangi. Gari dogo la kisasa halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu ikioza, hakuna kitu cha kuchomelea mbele ya safari.

Sasa tuje kwenye breki, ambako ndiko ningetaka kila kikundi kitumie pesa yake ya kwanza.

Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Gari la kilo 1,000 likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa lina kilojuli (kipimo cha nguvu hiyo) kama 139. Likifika 120 lina 555. Unapokanyaga breki, nguvu hiyo haipotei. Inageuka joto kwenye diski na pedi. Kilojuli 555 zinatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na robo tatu ya maji yaliyotoka bombani Mtwara yakiwa na nyuzi 27, na breki zinapokea joto hilo ndani ya sekunde chache. Ukiendesha kwenda Lindi unakanyaga hivyo mara ngapi? Labda mbuzi akikatiza. Kwenye uwanja wa mzunguko unakanyaga hivyo kila kona ngumu, mzunguko baada ya mzunguko, na diski hazipati nafasi ya kupoa.

Joto hilo halibaki kwenye diski. Linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kaliperi inayozibana pedi, linafika kwenye mafuta ya breki. Hapa pana siri ambayo watu wa pwani inatuhusu kuliko watu wa Dodoma: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 140 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari halisimami, kona inakuja. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka juzi usiitie kwenye gari la mbio hata ukipewa bure. Nunua DOT 4 iliyofungwa na pedi zinazostahimili joto, na ubadilishe mafuta mara kwa mara.

Na hapo ndipo marafiki wanapopata kazi yao halisi. Kutoa upepo kwenye breki kwa mkono kunataka watu wawili, mmoja juu ya pedali, mwingine chini akifungua na kufunga nipo, kile kitundu cha kutolea upepo. "Kanyaga! Shikilia! Haya, achia." Wa juu akiachia kabla nipo haijafungwa, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Urafiki mwingi hupimwa hapo.

Kizimba cha mabomba ndani ya gari, kile kinachomlinda dereva likibiringika, ndicho pekee ninachosema kisifanyiwe ujanja. Fundi wa mageti atakuambia bomba la maji linatosha. Halitoshi. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinadai kwa upinde mkuu bomba la chuma lisilo na mshono, la milimita 45 kwa ukuta wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa ukuta wa milimita 2. Bomba la maji la kawaida lina mshono, na mshono unaweza kupasuka siku ya kishindo. Tena limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi unaompa fundi homa na kutetemeka usiku kucha. Ubora wa kuchomelea ni nusu ya kizimba. Kama hamna fundi wa kiwango hicho, gharama ya kumleta kutoka Dar es Salaam iingie kwenye mchango.

Kuhusu mchango: Mtwara na Lindi pesa ina majira. Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba hivi, kila mtu ni tajiri kwa wiki chache. Kosa linalojirudia ni kununua vitu vya kuonekana, rimu zinazong'aa na bomba la ekzosi linalopiga kelele. Marekani kuna mashindano yaitwayo 24 Hours of Lemons ("lemon" kwao ni gari bovu), yaliyoanza mwaka 2006, ambako gari linatakiwa kugharimu dola 500 tu. Hesabu hiyo haiingizi kizimba, breki wala tairi. Wanaoishi kwa mzaha wa magari mabovu, kwenye hayo matatu hawatanii.

Tairi basi. Mtoto wa mjini huuliza: mbona tairi za mbio ni kipara na trafiki hawakamati? Mistari ya tairi ipo kwa ajili ya kutoa maji. Lami ikiwa kavu, mistari inapunguza tu eneo la mpira linalogusa chini, eneo ambalo kwa kila tairi halizidi sana kiganja. Tairi ya mbio ni mpira laini mpya unaonata ukipata moto. Kipara cha daladala ni mpira mgumu uliochakaa hadi karibu na nyuzi. Vinafanana kwa macho tu.

Injini ikifika zamu yake, kwa mwaka wa kwanza haihitaji mengi: oili safi, plagi, rejeta iliyozibuliwa. Msiondoe thamostati, kile kizibo kinachodhibiti joto la maji ya injini; kuiondoa ni tabia ya mafundi wetu wengi. Injini inachelewa kupata joto lake na oili nzito inaila. Kilicho muhimu zaidi kiko ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kona kali na ndefu huisukuma oili upande mmoja, pampu inavuta hewa, na injini nzima inaweza kufa kwa sekunde chache. Vibati vya kuizuia oili isikimbie, vilivyochomelewa ndani ya sampu, ni kazi ya bei ndogo kuliko injini ya pili.

La mwisho ni mizani, na hapa mikoa ya korosho ina bahati. Timu kubwa hununua mizani maalumu za kuweka chini ya kila tairi. Mizani nne za jukwaa za kupimia magunia, za kilo 500 kila moja, zikiwa usawa mmoja, zinafanya kazi hiyohiyo. Pima dereva akiwa kitini, kofia kichwani. Jumlisha tairi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia. Ikaribie nusu ya uzito wote, la sivyo gari litakata vizuri kona za upande mmoja na kusumbua za upande wa pili, na dawa yake ni kurekebisha urefu wa springi. Na kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia, betri ihamishieni nyuma kushoto, ifungwe kwa chuma, si kwa kamba ya mpira.