Semina ya kulipia: lipia macho, somo liko bure

Kila tangazo la semina ya uandishi wa programu likianza kuzunguka WhatsApp, wadogo zangu wa kazi hapa Lubumbashi huniuliza: "Yaya, hii tulipe ao tuache?" Mara nyingi ni siku mbili tatu kwenye ukumbi wa hoteli, projekta, chai ya saa nne, na breveti siku ya mwisho. Bei inatajwa kwa dola. Mimi naandika programu za mauzo na stoku kwa wafanyabiashara wa mjini, na ndiye ninayepokea vijana wanaoomba kazi kwetu. Jibu langu halijabadilika: ukilipa, lipia macho ya mtu mzoefu yapite kwenye msimbo wako, yaani maandishi ya programu yako. Somo lenyewe liko bure.

Nyaraka rasmi za Python, lugha ya kuandikia programu, zipo kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea, na zinapakuliwa zote kwa pamoja, ukazisoma hata SNEL wakikata umeme, mradi betri inashika. Kitabu cha Pro Git, kuhusu Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, nacho ni bure, Kifaransa kipo. CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, iko wazi kwa yeyote. Video zake zinakula mega, ndiyo, ila piga hesabu ya hizo mega ulinganishe na bei ya semina. Kumlipa mtu akusomee slaidi za "variabo ni nini" ni kutupa pesa, na inaniuma zaidi pesa hiyo inapokuwa ya mzazi.

Kisichopatikana bure ni hiki. Madukani kwetu mteja analipa sehemu kwa dola, sehemu kwa franka, chenji inatoka kwa kiwango cha asubuhi ile. Kijana anahifadhi bei kama floti, aina ya namba ya desimali ambayo kompyuta huikadiria tu. Muulize Python 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa kompyuta huandika namba kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haina mwisho. Weka TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake, geuza kuwa franka, jumlisha ankara za mwezi: kasha na skrini vinaweza kutokubaliana tena. Nyaraka zinaeleza floti vizuri, na moduli ya decimal, inayohesabu desimali kwa usahihi, zinakuonyesha. Lakini hazitakuambia kwamba kosa limekaa kwenye faili yako ya ankara. Wala hazitakukumbusha kuhifadhi kiwango cha kubadilisha pesa pamoja na kila ankara, ili ukichapa upya ya mwezi uliopita isitoke na kiwango cha leo.

Malipo ya simu ni vilevile. Mfumo wa malipo usipopata jibu la seva yako, unaweza kutuma taarifa ileile mara ya pili. Programu isiyokagua namba ya muamala itamwandikia mteja malipo mawili. Aliyewahi kusafisha fujo hiyo ataliona pengo kwenye msimbo wako kwa kuusoma tu. Mtu wa namna hiyo anastahili dola zako.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: tutakuwa wangapi? Nitaleta mradi wangu? Mkufunzi ana programu gani ambayo watu wanaitumia leo? Ukumbi ukijaa, hakuna atakayeutazama msimbo wako, hata mkufunzi awe hodari namna gani.

Breveti ya semina mimi siiangalii. Nafungua msimbo wa kijana, natazama historia yake ya Git, namwomba anieleze mstari mmoja mmoja. Mitihani ya kimataifa ni jambo jingine: ule wa AWS Cloud Practitioner, wa huduma za kompyuta za mtandaoni za Amazon, ni dola 100, cheti kinadumu miaka 3, na hakuna anayekulazimisha kupitia kozi ya kulipia kabla ya kuufanya. Mtu akikuuzia matayarisho yake, hakikisha kama ada ya mtihani imo ndani ya bei.

Kama kampuni ndiyo inalipa, nenda, na ubebe tatizo halisi la kazini.

Wanaolipa wenyewe nawashauri wachangishane, watatu au wanne, wamlipe mwandishi wa programu mzoefu Jumamosi moja. Mtumieni msimbo siku kadhaa kabla, na kila mmoja awe na mashine iliyokwisha sakinishwa kila kitu, ili saa mlizolipia zisiishie kwenye kupakua programu.