Kelele za Ukarabati wa Jirani: Omba Ratiba Kabla ya Kuomba Ukimya

Kazi yangu ni kupima sauti na mitetemo ndani ya majengo, na katika malalamiko yote yanayonifikia hakuna yanayokuja na uchungu kama yale ya ukarabati wa jirani. Mtu anayekerwa na muziki hujua vizuri anamlaumu nani na kwa nini. Anayekerwa na drili huniambia kwamba hajalala, kwamba kazi zake zimesimama, kwamba anajihisi kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mara nyingi huwa ameshagombana na mtu asiyehusika kabisa.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyeishi ghorofa ya pili, ambaye alikuwa na uhakika kwamba fundi yuko juu ya dari yake. Alikuwa ameshapanda ngazi mara mbili kulalamika, na mara ya pili yeye na jirani wa juu waliachana kwa maneno makali. Nilipanda juu ya kiti nikaweka kiganja kwenye dari, nisihisi kitu cha maana. Nilipokiweka kwenye nguzo iliyo pembeni mwa jiko, mtetemo ulinipanda hadi kwenye kiwiko. Tukaifuata nguzo hiyo kwenda chini, ikizidi kutetemeka kadiri tulivyoshuka, hadi tukamkuta fundi katika nyumba ya chini kabisa, akichimba mfereji wa bomba kwenye ukuta ulioshikamana na nguzo ile ile. Jirani wa juu hakuwa na fundi wala mashine yoyote. Naye alikuwa akiisikia kelele hiyo hiyo, akiamini kwamba inatoka kwa mama huyu.

Hilo halikutokana na uzembe wa mtu yeyote, kwani masikio yetu hutambua mahali sauti inakotoka kwa kulinganisha jinsi inavyofika katika sikio la kushoto na la kulia, na mbinu hiyo hufanya kazi pale sauti inaposafiri hewani kutoka sehemu moja. Kelele ya drili inayopiga haiji hivyo. Ncha ya drili imegusana na ukuta, inaugonga mara elfu kadhaa kwa dakika, na nguvu yake huingia moja kwa moja ndani ya tofali na zege bila kupitia hewani. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya zege hupita mita 3,000 kwa sekunde, na zege gumu lililofungwa na nondo halina tabia ya kuunyonya mtetemo haraka. Mtetemo unapofika kwako, kuta, sakafu na dari vyote hutikisika kidogo kwa pamoja na kuisukuma hewa ya chumbani, kana kwamba umezungukwa na vipaza sauti vikubwa. Ndiyo maana kelele hiyo huonekana kutoka kila upande, na ndiyo maana ukuta mnene unaozuia vizuri mazungumzo ya jirani hauwezi kuizuia drili: ukuta wenyewe ndio unaoibeba.

Basi kabla ya kubisha hodi kwa mtu, hakikisha kwanza kelele inatoka wapi. Kiganja ni kipimo kizuri kuliko sikio. Gusa kuta, nguzo na mabomba, toka nje uangalie ni dirisha la nani linalotoa vumbi, na muulize msimamizi wa jengo kama kuna mtu aliyemjulisha kuhusu kazi.

Jambo la pili ambalo ningependa lieleweke ni kwamba ukubwa wa sauti si kipimo kamili cha udhia wake. Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watu waliokaa chumbani wakisikilizishwa milipuko ya kelele kali ya kiasi cha desibeli 108 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Baadhi yao waliisikia kwa vipindi vinavyotabirika, na wengine iliwajia ovyo bila mpangilio. Walipopewa baadaye mafumbo yasiyo na jawabu, wale waliosikia kelele isiyotabirika walikata tamaa mapema zaidi, ingawa kelele ilikuwa imekwisha. Katika jaribio jingine watu waliambiwa kwamba kuna kitufe wanachoweza kukibonyeza ili kelele ikome, ila ingependeza wasikitumie. Wengi hawakukigusa, na bado kule kujua tu kwamba uwezo huo upo kuliwapunguzia madhara.

Kila ninapoingia nyumbani kwa mtu aliyechoshwa na ukarabati huyakumbuka majaribio hayo. Kinachomchosha zaidi si zile dakika ishirini za drili, bali ni ule ukimya wa baada yake, anapokaa roho juu akisubiri ianze tena, asijue kama itaanza baada ya dakika mbili au kesho asubuhi. Hawezi kumlaza mtoto, hawezi kupokea simu muhimu, na hawezi hata kuamua kuondoka, kwa kuwa pengine kazi imekwisha kwa siku hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza ni kwamba asiende kuomba kelele iishe, kwa sababu kigae hakibanduki kwa ukimya, na jirani aliyeombwa jambo lisilowezekana hujitetea badala ya kusikiliza. Aende kuomba ratiba.

Maneno ya kwenda nayo yanaweza kuwa rahisi kama haya: «Habari za leo, jirani. Hongera kwa kazi, naona nyumba inapendeza. Nimekuja kwa ombi moja. Mimi hufanya kazi nyumbani, na kugonga kunanikatiza sana kwa kuwa sijui kunaanza lini. Ukiniandikia siku za kuvunja na kutoboa, na tukakubaliana kazi hizo zifanyike kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, nitajipanga nisiwepo, nanyi mtafanya kwa nafasi.» Nenda wakati fundi amepumzika, si katikati ya kelele huku moyo ukikudunda, na kama una sababu maalumu, kama vile mgonjwa, mtoto mchanga, zamu ya usiku au mtihani wa mtoto, itaje bila kuona haya. Watu wengi hawajui ukuta wao unasikika vipi upande wa pili, wala hawana namna ya kujua mpaka waambiwe.

Mwombe pia akutajie hatua za kazi, kwa sababu ukarabati hauna kelele sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kubandua vigae, kuvunja kuta na kuchimba mifereji ya nyaya na mabomba ndiyo siku ngumu, na kwa kawaida hutangulia. Kupiga plasta, kupaka rangi na kufunga taa ni kazi tulivu. Mara nyingi nimeona hasira ikipungua nusu pale mtu anapofahamu kwamba uvunjaji ni wa siku nne tu, ingawa fundi atakuwepo kwa wiki sita.

Ukiwa na maelewano na fundi, zungumzeni kuhusu vifaa, kwa maana hapo ndipo nafuu kubwa ya kweli inapopatikana. Tundu la bomba katika zege linaweza kutobolewa kwa drili ya kuzunguka yenye ncha ya almasi inayopozwa kwa maji. Kwa kuwa haigongi, mtetemo unaosambaa jengoni ni mdogo sana ukilinganisha na wa drili inayopiga. Katika ukuta wa tofali laini fundi anaweza kuzima kitufe cha kupiga na kuiacha drili izunguke tu. Vigae vinaweza kukatwa nje au katika chumba kilicho mbali na ukuta wa pamoja, na meza ya kukatia ikiwekwa juu ya zulia nene au mpira, sakafu haitapokea mtikisiko wote. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa mambo haya, mradi aulizwe kwa heshima na mapema, kabla hajakodi mashine.

Kuhusu kujikinga ndani ya nyumba yako, niwe mkweli: fedha nyingi hupotea hapa. Sponji na trei za mayai zinazobandikwa ukutani hupunguza mwangwi wa chumba chako, lakini haziizuii sauti ya jirani kuingia. Kuziba nyufa za mlango na dirisha kunasaidia ikiwa kelele inakuja hewani, kama ya grenda inayotumika kwenye baraza, na hapo husaidia sana, kwa sababu upenyo wa asilimia 1 tu ya eneo la kizuizi humaanisha kwamba kizuizi chote hakiwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki ingeweza kuzuia 50. Dhidi ya mtetemo unaopita ndani ya zege, hakuna pazia wala mlango utakaokufaa. Hamia chumba kilicho mbali zaidi na nguzo inayotetemeka, hata kama ni chumba kisichokupendeza.

Vizibo vya sponji vya masikioni ni vya bei nafuu na vina nguvu, ila watu wengi huvivaa vibaya na kusema havifai. Kisokote kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize upesi, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika hivi kinapotanuka. Kikikaa vizuri utaisikia sauti yako mwenyewe ikiwa nzito kama iliyo ndani ya mtungi. Vipokea sauti vinavyofuta kelele hufaa kwa mngurumo usiobadilika na hufaa kidogo kwa mapigo ya ghafla. Usipandishe muziki ili uishinde drili, kwani hapo utakuwa umejiongezea kelele ya pili, nayo iko ndani ya sikio lako.

Wengi huniuliza kama watakuwa viziwi. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asizidishe wastani wa desibeli 85 kwa saa nane, na muda huo upungue kwa nusu kila desibeli zinapoongezeka 3, kiasi kwamba penye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kiwango hicho humkuta fundi aliyeshika mashine, na si kawaida kumkuta aliye nyuma ya ukuta. Naumia ninapowaona vijana wakivunja zege siku nzima bila chochote masikioni, na ukiweza kumwambia jirani awanunulie vizibo, mwambie. Kinachoharibika kwako ni usingizi na utulivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza wastani usiozidi desibeli 30 katika chumba cha kulala, na hakuna ukarabati wa usiku unaoweza kuuheshimu.

Maelewano yakishindikana, anza kuandika kumbukumbu: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, aina ya kelele, na kile ilichokuzuia kufanya. Programu ya simu ya kupima sauti inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa, lakini ikitumiwa na simu ile ile, mahali pale pale, huonyesha vizuri tofauti kati ya chumba kilichotulia na chumba chenye kelele. Soma kanuni za jengo na sheria ndogo za mji wako kuhusu saa za kazi, umpelekee jirani nakala kwanza, kisha umwandikie msimamizi wa jengo au mwenye nyumba, na mamlaka ya eneo iwe hatua ya mwisho. Malalamiko yenye saa na tarehe husikilizwa. Yale ya «wanapiga kelele kila siku» huwekwa kando. Ila ukiona ufa mpya, au ukijua kwamba nguzo ama ukuta unaobeba jengo unavunjwa, usisubiri hatua hizo zote. Hapo jambo si kelele tena, na mhandisi wa majengo anapaswa kufika siku hiyo hiyo.

Nawe ukifikiwa na zamu yako ya kukarabati, pita mlango kwa mlango siku kadhaa kabla, ghorofa ya juu na ya chini pia, kwa kuwa umeshaona mtetemo unavyosafiri. Acha karatasi yenye siku za kuvunja, saa za kuanza na kumaliza, saa ya mapumziko ambayo mashine zote zitazimwa, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea. Siku ratiba itakapobadilika, kama inavyobadilika karibu kila mara, badilisha na karatasi.