Maana ya kipindi cha kuzoea kwa mtoto anayeanza malezi ya mchana

Kipindi cha kuzoea ni siku au majuma ya mwanzo ambapo mtoto aliyepelekwa kwa mama anayelea watoto nyumbani kwake hujenga uhusiano na mlezi huyo, mzazi akiwapo mwanzoni na kisha akijiondoa kidogo kidogo. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachopotoshwa mno ni dalili ya kwamba kipindi hicho kimekwisha, kwa sababu mtoto akiacha kulia tu, watu husema, "Ameshazoea."

Kunyamaza na kuzoea ni mambo mawili. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Tavistock Clinic, London, aliwachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitalini enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra, na katika miaka ya 1950 akaeleza hatua tatu walizopitia: kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama yake kwa nguvu zote, kisha hukata tamaa na kunyamaza, na mwishowe hujitenga kihisia, hata mama akija huenda asimjali. Wahudumu waliifurahia hatua ya pili wakidhani mtoto ametulia, ilhali Robertson aliona huzuni. Mtoto anayerudi nyumbani kila jioni hapatwi na utengano mzito wa namna ile, lakini kosa la kuuchukulia ukimya kuwa utulivu linafanyika hata sebuleni kwa mlezi wa mtaani.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto anayelia sana asubuhi amedekezwa, na mama huyo hurudi kazini na aibu isiyo yake. Lieselotte Ahnert na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwafuatilia watoto 70 wa miezi 15 walioanza malezi ya mchana. Katika saa ya kwanza baada ya mama kuondoka, kortisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa katika msongo, ilizidi kiwango cha nyumbani kwa asilimia 75 hadi 100. Watoto wenye uhusiano imara na mama zao ndio waliolia zaidi katika siku hizo za kuachwa, na pale mama walipotumia siku nyingi zaidi kuwazoesha watoto kabla ya kuwaacha, uhusiano huo ulibaki imara au ukawa imara.

Sasa, kuzoea hupimwaje? Ujerumani kuna utaratibu maarufu uitwao wa Berlin, ulioanza miaka ya 1980. Siku tatu za kwanza mzazi hukaa na mtoto kituoni kwa muda wa kama saa moja bila kujaribu kuondoka. Siku ya nne humuaga, akatoka kwa muda usiozidi nusu saa. Na jinsi mtoto anavyolipokea jambo hilo ndiyo huamua kama muda uongezwe au wasubiri. Mtoto huhesabiwa kuwa amezoea anapokubali kufarijiwa na mlezi. Kwa kipimo hicho, mtoto anaweza kulia kila asubuhi mlangoni na bado akawa amezoea, ikiwa anabebwa, anapembelezwa, kisha anarudi kwenye mchezo. Mwingine hatoi sauti kabisa, hagusi uji, hachezi, analala kupita kawaida yake; huyo bado.

Mzazi na aage, basi, hata kama kuaga kunaleta kilio, kwa maana mtoto anayetorokwa akiwa anaoneshwa kuku uani hujifunza kumchunga mama yake kila dakika. Najua mama anayeuza mboga sokoni hana siku tatu za kukaa kituoni. Anaweza kwenda na mtoto Jumapili alasiri mlezi akiwa na nafasi, wakakaa pamoja, na siku ya kwanza ya kumwacha akaacha kanga aliyoivaa usiku, yenye harufu yake.

Kwa walezi nina ombi moja. Mama anapouliza jioni, badala ya "amezoea, leo hajalia," mwambie alichofanya mtoto: alilia ulipoondoka, akakubali nimbebe, akanywa uji nusu kikombe, akacheza na mwenzake hadi saa sita.