Unga (heroini): maswali ya familia za watumiaji

Tukimfungia chumbani mpaka arosto (maumivu ya kukosa unga) iishe, atapona?

Arosto huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kifurushi kidogo cha unga) ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kutapika, kuhara, mifupa kuuma. Huwa kali zaidi siku ya 2 au ya 3, na ndani ya wiki moja hivi sehemu kubwa inapungua. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Kinachotishia ni kuishiwa maji, kwa hiyo mnyweshe ORS, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi. Mjamzito asiachishwe ghafla kabisa, mimba inaweza kutoka. Mpelekeni kliniki.

Ila arosto ikiisha, hamu ya unga bado ipo. Hapo ndipo tunapowapoteza vijana wengi.

Kwa nini mtu anakufa siku aliyorudia, wakati zamani alitumia kiasi kilekile?

Heroini huzubaisha sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Anayetumia kila siku mwili wake huzoea, akaweza kustahimili kipimo ambacho kingemuua mgeni. Akikaa wiki chache tu bila kutumia, iwe jela, soba (nyumba ya kuachishia unga) au nyumbani, ule uzoefu unapotea. Anarudi maskani na kipimo chake cha zamani, na pumzi inakatika. Hatari huzidi akiwa amekunywa pombe au amemeza valiamu (dawa ya kutuliza na kulaza). Tena hakuna anayejua kete imechanganywa na nini.

Nitajuaje amezidisha, na nifanye nini?

Mwite kwa sauti, kisha msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Haamki, midomo imekuwa ya buluu au kijivu, mboni zimebana kama ncha ya pini, anakoroma kwa kukwama au anavuta pumzi chini ya 10 kwa dakika: huo si usingizi. Piga simu ya dharura au tafuta usafiri papo hapo.

Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi 1 kila sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu ili matapishi yasimkabe. Usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi.

Hospitali wana naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye ubongo. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini inaweza kumzidi tena. Asiondoke mara tu anapozinduka, hata akikasirika.

Akisuuza sindano kwa maji inatosha?

Hapana. Damu hubaki ndani ya bomba na tundu la sindano, na hueneza VVU na homa ya ini aina ya B na C. Hata kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia visishirikiwe. Aliyeshiriki sindano awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia VVU, azimeze siku 28.

Methadoni si kubadilisha unga kwa unga mwingine?

Sivyo. Ni dawa ya kutibu uraibu wa unga: hunywewa mara 1 kwa siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto kwa takriban saa 24 na haimpi ile stimu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Dozi huanza ndogo, mara nyingi miligramu 15 hadi 30, ikapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Siku hizo za mwanzo ni ngumu, arosto haijatulia vizuri, na wengine hujiongezea kete, pombe au valiamu. Mchanganyiko huo huua. Akilalamika dozi haitoshi, rudini kliniki siku hiyohiyo wampime upya.