Kwa nini tunasita kumsaidia msafiri tusiyemjua

Wanafunzi wangu wa saikolojia ya jamii huanza muhula wakiamini kwamba watu wamegawanyika katika makundi mawili, wenye huruma na wasio nayo, na kwamba anayempisha mama mjamzito siti ndani ya daladala ni wa kundi la kwanza, ilhali anayejifanya amelala ni wa kundi la pili. Tafiti za zaidi ya miaka 50 haziungi mkono mgawanyo huo. Safarini hasa, kinachoamua iwapo mtu atamsaidia asiyemjua mara nyingi ni hali aliyomo dakika ile, pamoja na makisio anayoyafanya kichwani kabla ya kufungua mdomo, makisio ambayo kwa kawaida huwa yamekosewa.

Tuanze na haraka. Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitakiwa aende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria mwema, wengine mada ya ajira. Njiani walimkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani; miongoni mwa waliokuwa na haraka kiasi, asilimia 45; na miongoni mwa walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti kubwa, na wapo waliokuwa wakienda kumzungumzia Msamaria mwema huku wakimruka mgonjwa aliyelala njiani mwao.

Yeyote aliyewahi kupanda basi la alfajiri katika Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis anaweza kulitambua jambo hili bila kuhitaji maabara. Wapiga debe wanavuta mabegi, honi zinalia, na bibi aliyetoka hospitali anazunguka na tiketi yake mkononi bila kuweza kusoma namba ya gari. Mamia ya watu wanampita. Saa chache baadaye, basi likiwa limesimama kwa chakula Ruaha Mbuyuni, watu walewale waliompita wanapakatiana watoto na kugawana mahindi ya kuchoma. Roho zao hazikubadilika kati ya Dar es Salaam na Ruaha. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna anayeogopa kuachwa na gari. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kawaida mno kiasi kwamba baadhi ya wasomaji watauona hauna hadhi ya kitaalamu: anayetaka kumfaa mtu stendi na afike nusu saa kabla ya muda aliouzoea.

Hata hivyo, muda peke yake hautoshi, kwa sababu tukishaupata bado tunasita. Hapa kazi ya Amit Kumar na Nicholas Epley, iliyochapishwa mwaka 2022, inatusaidia sana. Katika mojawapo ya majaribio yao, watu waliokuwa kwenye uwanja wa kuteleza barafuni mjini Chicago, siku ya baridi, walimpa mtu wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto, kisha wakakadiria jinsi mpokeaji atakavyofurahi. Wapokeaji walifurahi kuliko watoaji walivyodhani. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mtoaji hukipima kitu chenyewe na kuona ni kikombe tu, wakati mpokeaji hupima pia upendo uliomo ndani ya tendo la mtu ambaye hakuwa na wajibu wowote kwake. Ndivyo ilivyo kwa abiria anayemsogezea jirani yake pazia ili jua lisimchome: mwenyewe anaona amefanya jambo lisilostahili hata kutajwa, na kesho yake, kwa kuwa lilionekana dogo, halifanyi tena.

Upande wa muombaji nao hukosea hesabu kwa namna inayofanana. Francis Flynn na Vanessa Lake walionyesha mwaka 2008 kwamba watu waliotumwa kuwaomba wapita njia wajaze dodoso walidhani wangelazimika kuwaomba watu 20 hivi ili watano wakubali, ilhali nusu ya idadi hiyo ilitosha. Msafiri mgeni anayezunguka Dodoma usiku akitafuta nyumba ya kulala wageni, akiona haya kuuliza, anaumizwa na hesabu hiyohiyo. Sisi wa huku tuna nyenzo ambayo majaribio hayo hayakuigusa, nayo ni salamu: aliyekwisha kusema “Shikamoo mzee” na kuitikiwa “Marahaba mwanangu” hajabaki mgeni kamili, na ombi linalofuata hupita kwa wepesi zaidi. Hayo ni maoni yangu kutokana na kuangalia, wala sijayapima.

Sasa nije kwenye kikwazo ambacho, kwa maoni yangu, vitabu vya Ulaya na Marekani havikishughulikii ipasavyo. Katika mabasi yetu ya masafa marefu abiria huonywa wasipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa mtu wasiyemjua, kwa sababu wapo wezi wanaotia dawa za kulevya kwenye juisi au biskuti na kuwaibia waliolala. Onyo hilo ni la haki, na sitamshauri mtu alipuuze. Matokeo yake, lakini, ni kwamba tendo la kwanza linalomjia mtu mwema akilini, yaani kumkaribisha jirani chakula, ndilo linalomtia jirani huyo hofu, na akikataa, mtoaji naye anajiona ametukanwa. Wote wawili hunyamaza hadi mwisho wa safari.

Njia ya kutoka hapo ni kuchagua wema ambao mpokeaji anaweza kuukagua na kuukataa bila aibu. Maji yanunuliwe dirishani na muuzaji amkabidhi mpokeaji mwenyewe, kizibo kikiwa hakijafunguliwa. Anayetaka kumbebea mama mzigo atembee mbele yake, mahali anapomwona, wala asitangulie kwa kasi. Mtoto apakatwe hapohapo kwenye siti, mbele ya macho ya mzazi, hata kama mpakataji angependa kumpeleka dukani kumnunulia pipi. Abiria aliyepungukiwa nauli ni afadhali alipiwe kwa konda moja kwa moja, kwa sauti ya chini, kuliko kuulizwa mbele ya watu ana shida gani. Taarifa nazo zina nafasi ya pekee: kumwambia mgeni nauli halali ya bodaboda kutoka stendi hadi mjini hakumtaki aamini kitu asichoweza kukithibitisha, kwani atamuuliza mtu wa pili na kusikia bei ileile.

Lipo pia tatizo la wingi wetu. Mwaka 1968, Darley huyohuyo pamoja na Bibb Latané waliwaweka wanafunzi katika vyumba tofauti, wakiongea kwa vipaza sauti, kisha wakawasikilizisha mwenzao akipatwa na kifafa. Waliodhani kwamba wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla kifafa hakijatulia. Waliodhani kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Basi lililojaa lina wasikilizaji wengi kuliko hao. Likisimama porini watu wachimbe dawa, kisha konda akagonga bodi kumruhusu dereva aondoke, kila abiria hudhani kwamba konda amehesabu vichwa. Mwenye uhakika ni mmoja tu, aliyeketi kando ya siti tupu, na konda atasikia akipaza sauti: “Bado, konda, dada wa hapa hajarudi.”