Kabla hujaformati mashini, ipime joto kwanza

Wiki jana mama mmoja wa huku Birere, hapa mjini Goma, aliniletea laptop, akaniambia fundi mwanangu hii kitu iko na virusi, wameiformati mara mbili na bado inakwama nikifungua Excel. Nikamwambia mama, niachie saa moja, sitafuta kitu chako hata kimoja. Na kweli Windows ilikuwa mpya kabisa, safi, virusi hakuna. Nikachomeka flashi yangu, nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi ya mashini (iko na toleo lisilotaka kuinstoliwa, unaifungua tu kutoka kwa flashi), nikaenda moja kwa moja kwa upande wa sensa.

Mashini imekaa tu, haifanyi chochote, joto digrii 63. Bon, nikawasha Cinebench R23, programu inayoipa prosesa (ubongo wa mashini) kazi nzito halafu inatoa alama, ili kori zote, zile sehemu za prosesa zinazopiga kazi, zifanye kazi pamoja, na macho yangu yakabaki kwa HWiNFO, kwa sababu alama ya Cinebench yenyewe mimi naiangalia mwisho. Prosesa ni i5-8250U, kori 4. Ilianza na kasi ya zaidi ya GHz 3, joto likapanda 85, 92, 99, na hata dakika haijaisha kasi imeanguka mpaka GHz 1.1 ikabaki pale pale. Mstari wa Thermal Throttling (kupunguza kasi sababu ya joto) umegeuka Yes kwa rangi nyekundu. Virusi vya mama ndio hivyo.

Prosesa nyingi za Intel za laptop mpaka wao ni digrii 100, wakifika pale wanajipunguza kasi wenyewe ili wasiungue. Ile sensa ya ndani kwa kweli haipimi joto lenyewe moja kwa moja, inapima umebakiza digrii ngapi kufika kwa mpaka, halafu programu ndio inapiga hesabu na kukuandikia 99. Ndio maana namba za juu unaweza kuziamini sana, zile za chini mashini ikiwa baridi zinaweza kukosea kidogo, usipoteze usingizi nazo. Na ukiona sensa fulani ya kadi mama (ile bodi kuu ya mashini) inaandika 127 au chini ya sifuri wakati mashini inafanya kazi vizuri, hiyo ni waya ambayo haijaunganishwa na kitu, iache.

Sasa kwa nini Goma tunaziona hizi mashini za joto kila siku? Mji umekaa juu ya makoro, yale mawe ya volkeno. Volkeno ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ya 2021 ikaja tena upande wa Buhene, na barabara nyingi bado ni yale mawe meusi yanayosagwa na magari na machukudu (zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo) mchana kutwa. Lile vumbi ni laini kama unga, feni inalivuta linakwenda kukwama kwa vile vibati vyembamba ambapo hewa inatokea, linashikana na nywele na uzi wa kitambaa linakuwa kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka unaisikia, lakini hewa haipiti. Tena tuko kama mita 1500 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa hiyo haibebi joto nyingi kama ya huko, mashini chafu inaumia haraka.

Nilifungua, nikatoa lile blanketi, nikapangusa pasta ya zamani (ile inayopitisha joto kutoka kwa prosesa) iliyokauka kama simenti nikapaka mpya. Nikarudia kipimo kile kile, chaja ile ile, meza ile ile. Joto 81, kasi GHz 2.6 na haishuki, alama ya Cinebench ikatoka 1,900 ikapita 3,400.

Hapa nataka vijana wanaojifunza kazi wanielewe vizuri. Usipime mara moja sekunde chache halafu useme iko sawa. Laptop yoyote ina nguvu mwanzoni, chuma bado ni baridi, na Intel wanaruhusu prosesa kula watti nyingi kwa muda mfupi, mara nyingi kama sekunde 28, baadaye inarudi kwa kiwango chake cha kawaida, kwa hii ya mama ni watti 15. Acha izunguke dakika 10, R23 yenyewe imepangwa hivyo. Halafu soma kasi na joto pamoja. Kasi imeshuka na joto ni 98, fungua usafishe. Kasi imeshuka kidogo baada ya nusu dakika na joto ni 75, hakuna ugonjwa, ni kiwango cha watti tu, usimle mteja pesa ya pasta. Na kasi ikikwama chini kabisa kama GHz 0.8 huku joto ni 50, angalia chaja, kuna mashini zikishindwa kuitambua chaja zinajifunga pale chini, nimeona watu wameuziwa prosesa nzima wakati shida ilikuwa waya ya chaja. Pia usilinganishe kipimo cha kwa betri na cha kwa chaja, na kama umeme umekatika uko kwa betri subiri urudi.

Kwa wanaonunua okazo, yaani mashini zilizotumika, CPU-Z inakuonyesha ni prosesa gani iko ndani, ni faili ndogo tu, haitamaliza megabaiti zako. Stika ya i5 haikuambii kitu, i5-520M ya 2010 iko na kori 2 na hii ya mama iko na 4, zote ni i5. CrystalDiskInfo inaangalia afya ya diski na inakupa rangi, buluu ni nzuri, njano anza kuhamisha picha zako leo hii, hasa kama ni zile sekta zinazosubiri kusomwa namba yake inapanda kila siku. Betri, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Na zile flashi za terabaiti moja za bei ya chakula cha mchana, zipime kwa programu ya H2testw, inaijaza flashi yote na kuisoma tena, nyingi zinakufa kwenye gigabaiti 30 na kitu.

Mashini ya mama nimebandika karatasi chini yake: tarehe, 81, 2.6, dakika 10 kwa chaja. Akirudi baada ya kiangazi, vumbi likiwa limekolea, tunarudia kipimo kile kile tuone imepanda ngapi.